Aliyekaa Mlangoni mwa Shimo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja mwoga. Narudia, mwoga, na ndugu zake wameniruhusu nitumie neno hilohilo. Kijijini walimwita Mama Tahadhari. Alifariki dunia wiki iliyopita, mlimani, kwenye ukingo wa udongo mwekundu.

Mama Tahadhari alikuwa mkulima wa maharage na mtafutaji wa vito. Aliogopa kila kitu. Alikung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Alinusa taa ya mafuta kabla ya kuiwasha. Kaka yake ananiambia, "Dada akipewa uji, alisubiri upoe mpaka sisi tumekwisha kwenda shambani na kurudi." Anacheka akisema hivyo, kisha anafuta macho.

Lakini hofu yake kubwa ilikuwa moja, nayo ilikuwa na sababu. Alipokuwa msichana mdogo, alitumwa ampelekee baba yake maji machimboni. Alifika na maji. Shimo hakulikuta. Palikuwa na udongo mpya tu, na kofia ya baba imetundikwa kwenye tawi. Tangu siku hiyo aliapa hataingia chini ya ardhi kwa miguu yake.

Sasa mtauliza, mtu wa namna hiyo alitafutaje vito? Aliwatazama ndege. Kuna ndege wadogo wanaokula nyuki, wa kijani, wenye koo la manjano. Wengine huwaita keremkerem. Hawa hawajengi mtini. Huchimba matundu kwenye ukingo wa udongo, na udongo wenyewe huusukuma nje kwa miguu. Mama Tahadhari alikaa chini na chekeche lake, akauchekecha udongo ule. Mara nyingi alipata changarawe. Mara chache alipata kijiwe chekundu. "Ndege achimbe, mimi niokote," ndivyo alivyozoea kusema. Ukingo wenyewe hakuugusa kwa sururu hata siku moja. Alijua kwamba ndege huchagua udongo laini, na ulio laini kwa ndege humwangukia mtu.

Alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani. Mwaka huu binti alikuja kumsaidia kuchekecha, akaokota jiwe jekundu kubwa kama punje ya mahindi. Basi, usingizi ukamwisha. Alitaka kuyafuata mengine ndani. Mama alimsihi, akamnunia, akaificha sururu kwenye gunia la maharage. Mjomba naye akaitwa. Akamkumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Binti akajibu kwamba hicho kicheko cha kwa mwoga ni cha njaa. Akaanza kuchimba.

Je, mama alifanya nini? Alikwenda naye. Kila asubuhi alikaa mlangoni mwa shimo, macho juu kwa ndege. Walikubaliana hivi: ndege wakitoka wote kwa pamoja, mama ataita, na binti atatoka.

Na mama aliita. Aliita mwewe alipopita. Aliita nyoka alipopanda ukingo. Aliita hata upepo ulipovuma vibaya. Kila mara binti alitambaa hadi nje, magoti yamechubuka, akakuta mlima umetulia tuli. Ikafika mahali akachoka.

Wiki iliyopita, asubuhi, ndege walitoka. Wote. Narudia, wote, wakawaacha makinda wakilia ndani ya matundu. Mama Tahadhari alitazama angani, hapakuwa na mwewe. Akatazama ukingoni, hapakuwa na nyoka. Akaita. Binti hakutoka. Akaita tena.

Binti ameniambia mwenyewe, nami nayaleta maneno yake kama yalivyo: "Nilimsikia. Nikasema moyoni, ni mwewe tena. Nikaendelea kuchimba."

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyu alikuwa nje. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Mbele yake palikuwa na giza, na harufu ya udongo mbichi aliyoikimbia tangu utoto. Mchanga ulikuwa umeanza kumwagika mlangoni, kidogo kidogo, kama unga kwenye chekeche. Akaingia. Akatambaa mpaka akaushika mguu wa mwanawe.

Hakugomba. Njia ilikuwa nyembamba, hivyo alijibanza ukutani, akasema, "Tangulia, mwanangu." Binti akapita juu ya miguu yake. Anasema miguu ile ilikuwa ya baridi, inatetemeka. Akatoka nje amekasirika. Akageuka amwambie mama kwamba hakuna mwewe, hakuna nyoka, hakuna lolote. Mlango haukuwepo.

Majirani walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Walimfikia jioni.

Kwa binti yake, kwa kaka yake na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe mahali penye nafasi na mwanga.

Nilikusudia kumalizia hapo, niwaachie muziki wa taratibu mtafakari. Lakini jana kaka wa marehemu alinipigia simu. Habari za jiwe jekundu zimeenea. Kuna watu wameanza kuuchimba ukingo uleule, kutoka upande wa pili. Binti alikwenda kuwasihi waache. Walimcheka, wakamrithisha jina la mama yake. Kaka anasema wana redio, wameitundika mlangoni mwa shimo, na kipindi hiki hawakikosi.

Basi sasa nasema nanyi mlio humo ndani. Mnanisikia. Jiwe halina miguu, halitakimbia. Wekeni sururu chini, tokeni, wote, kisha mpige simu hapa studio. Muziki siuweki. Nasubiri.