Alama Mbili Nyekundu za Kizunguzungu

Marehemu ndugu yetu, tuliyezoea kumwita Kizunguzungu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa. Chuo cha ufundi alimaliza mwaka 1976, akatoka na cheti cha kusugua lenzi na miwani iliyovunjika mguu mmoja. Huo mguu hakuutengeneza mpaka alipooa.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye karakana ya vyombo vya maabara, akakaa miaka thelathini na nane. Tarehe 9 Agosti 1980 alimuoa mshonaji wa duka la jirani, shemeji yetu huyu mnayemwona.

Kazi yake kubwa ilikuwa kamera ya wazima moto, ile inayoona joto ndani ya moshi. Ilikuwa nzito, kuigeuza ni shughuli. Basi akaiwekea mbele vioo viwili vyeusi tii, kila kimoja kinene upande huu, chembamba upande ule. Jicho letu halipenyi humo, joto linapenya. Ukivizungusha, kamera imetulia tuli lakini macho yake yanatembea. Jina la Kizunguzungu lilitokea hapo.

Upande mnene wa kila kioo aliutia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe.

"Alama zikiwa pamoja, inatazama pembeni," alimweleza. "Moja juu, moja chini, inatazama mbele moja kwa moja."

"Na rangi yangu utairudisha lini?"

Siku ya majaribio alama moja aliiweka kimakosa upande mwembamba. Badala ya birika lililokuwa mbele, kamera ikamwonyesha meneja amelala pembeni, nyuma ya makasha. Marehemu akasema, "Moto hakuna, ila bosi ana joto la kawaida."

Novemba 2022 kiharusi kilimnyang'anya maneno. Shemeji alikuwa akikaa kando ya kitanda, uso dirishani, asionekane akilia. Asubuhi ya tarehe 2 Februari 2023 marehemu alimshika kidole gumba chenye rangi, akakielekeza chini. Cha kwake akakiinua juu.

"Baba, unakubali au unakataa?" watoto wakauliza.

"Nyamazeni," shemeji akasema. "Anataka nimtazame."

Akageuka, akamtazama usoni, machozi na yote, mpaka saa tatu na robo alipotutoka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake ninayewasomea haya, na chupa ya rangi ya kucha, imebaki nusu.

Pumzika kwa amani, Kizunguzungu. Moja juu, moja chini.