Mashine ya Kumwagilia Tenadam

Kijiwe chao cha Gulele, Addis, kiko kando ya ukuta wa kibanda cha kinyozi: benchi moja, jiko la mkaa, na ubani unaofuka taratibu mpaka mtu anasahau alichotaka kusema. Asubuhi hiyo Getachew, fundi umeme mstaafu waliyempachika jina Mzee Waya, alifika amekumbatia chungu cha tenadam, ule mmea ambao jani lake hutiwa kwenye kahawa. Majani ya chini yote yalikuwa manjano. Ulikuwa mmea wa marehemu mkewe, Yeshimebet. Kesho yake Getachew alikuwa anakwenda Jimma kutibiwa macho, miezi miwili mizima, na nyumba ataifunga.

Mashine ya kuumwagilia wote waliijua, maana kila mmoja alitia mkono. Pampu ilikuwa ya kuoshea kioo cha Lada ya Fikru, dereva teksi. Saa ya mezani aliitoa Bekele kinyozi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi saa inalia, pampu inakohoa, kikombe kizima cha maji kinashuka kwenye mpira wa dripu. Wiki tatu haijakosea hata siku moja. Sasa mbona mmea unakufa?

— Pampu hiyo imezoea safari, alisema Fikru. Umeifungia dirishani, imenuna.

— Acha porojo wewe. Ni ule mlio, alisema Bekele. Mmea unashtuliwa usingizini. Tuuwekee redio, nyimbo za polepole.

Raundi ya pili ya kahawa iliwakuta mbali zaidi. Kwa maneno tu, Fikru alishavuta mpira mpaka juu ya mlima Entoto, ukungu wa kule uteremke wenyewe hadi dirishani. Bekele naye akaunganisha mtaa mzima, kila dirisha kijani, watu wamelala wanasikia maji yakipita juu ya mabati. Getachew alifumba macho akayaona yote, na Yeshimebet yumo, kaegemea dirisha. Alitamani abaki huko huko. Kisha jani moja likamwangukia gotini, na moyo ukamuuma kweli.

Tsigereda, mpika kahawa mpya, siku yake ya kwanza hapo, alikuwa akisuuza vikombe huku akiwasikiliza wakimtaja marehemu.

— Samahani, baba. Mama alikuwa anaumwagilia siku gani?

Fikru alimtazama Bekele. Miaka ishirini walikunywa kahawa kwa yule mama, na hakuna aliyewahi kuangalia. Getachew alihesabu siku za wiki kwa vidole. Siku hasa haikuwepo. Wala hakumbuki kumwona mkewe na kopo la maji. Alichokumbuka ni mkono wake, wageni wakishaaga, ukimwagia chungu maji yaliyosuuza vikombe, huku mwenyewe bado anacheka na mtu mlangoni. Wageni wasipokuja, mmea ulikaa mkavu hata siku kadhaa, na ulistawi hivyo hivyo. Tangu wamzike, mle nyumbani haijapikwa tena kahawa.

Raundi ya tatu, ile ya baraka, ilipokwisha, Getachew alichomoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akauweka kwenye sinia katikati ya vikombe.

— Pampu yako utaichukua, Fikru. Jiko liko nyuma ya mlango. Jumatano na Jumapili pikeni kahawa kwangu, kaeni mpaka raundi ya tatu.

Hakuna aliyegusa ufunguo.

— Na vikombe vyake, aliongeza, msivivunje.