Kitanda cha Manyoya ya Tess

Benchi la marehemu Harold Sugden lipo mbele ya geti la vibustani vya kukodi, katika mji mdogo wa Otley, na jina lake limechongwa kwenye kibati cha shaba ili wanaolikalia wasisahau kumshukuru. Mvua isiponyesha, wa kwanza kufika ni Waya, fundi umeme mstaafu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, na Sista, aliyekuwa nesi wa shule. Chupa ya chai ni ya Sista, kwa hiyo na neno la mwisho ni lake. Wilfred huwa wa tatu. Asubuhi hiyo ya mwisho wa Mei aliwatangulia wote, hajanyoa.

— Wamekufa, alisema. Wote saba.

Hakuna aliyeuliza kina nani. Sanduku la ndege alilolipigilia Wilfred mkabala na dirisha la mkewe Maureen, ghorofani, lilikuwa habari ya benchi tangu Aprili, na wale ndege wadogo wa kichwa buluu na kifua cha njano waliotaga humo walijulikana kama majirani. Maureen hajashuka ngazi tangu atoke hospitali. Alikuwa amejiwekea ahadi: siku vifaranga watakaporuka, naye atashuka. Wilfred alikuwa amefungua kifuniko cha sanduku Maureen akiwa bado usingizini. Akiamka ataulizia, na Wilfred aliogopa kurudi nyumbani bila jibu.

— Paka wa jirani Pringle huyo, alisema Waya. Kibaya chajitembeza. Yule paka umeshamwona katulia?

— Tundu lenyewe kidole gumba kinapita kwa shida, Waya. Na miili ni mizima.

— Basi alikaa chini akawakodolea macho. Wakafa kwa presha.

— Mvua, alisema Sista akimimina chai. Baridi siku tatu mfululizo, viwavi hakuna, wazazi wanarudi mdomo mtupu. Ni njaa tu.

— Mvua gani, dada'angu? Otley hii? Hapa ndege anazaliwa na koti lake.

Sista alicheka. Wilfred hakucheka.

— Sikilizeni niwape ukweli, alisema Waya, akashusha sauti. Mnara wa simu. Mawimbi yanaingia sandukuni, yanazunguka, hayaoni pa kutokea. Wameokwa wale.

— Walikuwa wa baridi. Nimewashika kwa mikono yangu.

— Wameokwa, halafu wakapoa. Mwenda pole hajikwai.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Mawimbi yanakwenda polepole, Sista. Ndiyo maana huyaoni.

— Mnanichezea, alisema Wilfred. Saa nne Maureen anaamka. Niende nikamwambie wameokwa? Jana amekula supu yote, mara ya kwanza. Akivunjika moyo huyu, hali tena. Naogopa, jamani.

Waya alitazama viatu vyake. Nyuma yao alikuwa amesimama Farzana, aliyepewa kibustani namba tisa wiki iliyopita, na ndoo ya maji mkononi.

— Samahani, mzee. Hao vifaranga walikuwa wamelalia nini?

Wilfred alilijibu hilo kwa fahari kidogo, maana hakuna lililokuwa rahisi zaidi.

— Chini vijani laini vya kuvumwani, juu manyoya ya Tess, mbwa wetu. Maureen humchana kila jioni, mimi naning'iniza manyoya kwenye kikapu cha waya, ndege wanakuja kujichotea. Ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwake.

— Na Tess mnamtia dawa ya viroboto? Ya paka wangu imeandikwa nisimguse mpaka ikauke, na mikono ninawe.

— Kila mwezi. Mimi mwenyewe, shingoni, matone...

Wilfred aliyaona tena manyoya yale meupe yenye dawa, na ngozi tupu za vifaranga zilizolala juu yake.

— Pengine siyo hiyo, mzee, alisema Farzana haraka. Mimi ndege siwajui.

— Atasema ni yeye aliyewaua, alisema Wilfred. Nikimweleza dawa niliitia mimi, atasema, "Lakini manyoya niliwapa mimi." Namjua. Miaka arobaini na sita ya ndoa.

Waya akakohoa.

— Ilikuwa mvua, alisema.

— Siku tatu, alisema Sista.

— Nne. Na upepo wa kaskazini. Akibisha, mlete kwangu, nitamweleza mpaka achoke.

Wilfred aliwatazama mmoja mmoja. Tangu benchi lile liwekwe, hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya juma. Alivuta pumzi, akasimama, akafunga kifungo cha juu cha koti.

— Mvua, alijifundisha. Mvua na njaa. Mwaka ujao watakuja wengine.

Farzana aliitua ndoo chini.

— Na leo jioni, mzee, akichukua kitana amchane Tess?

Wilfred alimgeukia Waya. Waya alimgeukia Sista. Sista alifungua chupa ya chai, akaiinamisha juu ya kikombe, na hakikutoka kitu.