Marcelė Averkienė, Aliyejua Kila Uyoga Umetoka Wapi

Marcelė Averkienė, tunayemzika leo hapa Girdašiliai, wilaya ya Varėna, alizaliwa tarehe 29 Septemba 1941, mtoto wa tatu wa Adomas na Petronėlė. Uchungu ulimkuta mama yake msituni. Alirudi kwa miguu, akajifungua kabla ya adhuhuri, na kikapu alikifikisha kimejaa, bila hata uyoga mmoja kumwagika.

Alianza shule mwaka 1948, akasoma madarasa manne. Kila Septemba alikuwa hapatikani. Mwalimu alipokuja kuuliza, Petronėlė alimjibu, "Mwalimu, kitabu kitakuwepo hata Januari. Uyoga je?" Mwalimu akaondoka na sahani ya uyoga uliokaangwa kwa malai, na hakuuliza tena.

Kuanzia 1962 hadi 1990 alifanya kazi katika kituo cha ushirika cha kununua uyoga. Kwetu mtu haulizwi anachuma wapi. Hata mume na mke hawaambiani. Lakini Marcelė aliugeuza uyoga mara moja tu mkononi, akatazama mchanga na majani ya msonobari yaliyonasa kwenye shina, akajua umetoka upande gani wa msitu. Kwa miaka ishirini na minane alijua mahali pa kila mtu. Hakwenda kuchuma kwa mtu hata siku moja, wala hakumwambia mtu. Mzee Liudvikas alizoea kumchokoza: "Haya, Marcelė, leo nimetoka wapi?"

"Umetoka kwako, mzee, bila kunywa chai. Weka kikapu mezani."

Aliolewa na Pranas Averka, mkata miti, tarehe 9 Novemba 1963, uyoga ulipokwisha, ndipo akaitwa Averkienė. Walijaliwa Jolanta na Kęstas. Pranas alijaribu kumfuata mara moja. Marcelė alimzungusha kinamasini tangu asubuhi, akamtokeza nyuma ya banda lao wenyewe la nguruwe. "Umepaona, mume wangu? Ndipo hapa." Pranas alifariki mwaka 1987 bila kupajua.

Kęstas alimwoa Regina mwaka 1996, akamleta nyumbani. Mwaka 2009 alikwenda Norwe kwa kazi ya miezi sita. Miezi hiyo bado haijaisha, na huko ana mke mwingine. Regina alibaki na mama mkwe, ng'ombe mmoja na kuni za kupasua. Marcelė hakumsema mwanawe vibaya, wala hakumfukuza mkwe. Lakini mahali pake pa uyoga palikuwa pa watu wa damu yake tu; mama yake ndiye aliyemwonyesha. Kwa misimu kumi alimwacha Regina njia panda alinde baiskeli. "Ngoja hapa." Regina akangoja. Septemba 2019 Marcelė aliingia msituni hatua chache, akageuka.

"Mbona umesimama kama kigingi? Njoo."

Kęstas alisikia, akapiga simu. "Mama, unampeleka huyo? Si mtu wetu tena."

"Basi njoo wewe, mwanangu. Kikapu chako kipo."

Hakuja.

Februari 2023 Marcelė alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kisu. Msimu ulipofika aliletewa uyoga kitandani, akaunusa. "Regina, huu umeukata kwa pupa, na shimo ulilotoka hukulifunika." Ilikuwa kweli.

Mapema Oktoba, Jolanta alikaa naye kuandika majina ya jamaa katika karatasi hii ya wasifu. "Mama, Regina tumweke wapi? Mkwe hawezi kuwa, wameshaachana."

"Andika nina watoto watatu."

"Mama, ulizaa wawili."

"Nilizaa wawili. Wewe andika watatu."

Alifariki nyumbani tarehe 21 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, miti ya mibetula ya uani ikiwa imepukutisha majani yote. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Ameacha wajukuu wawili, Ugnė na Martynas, na watoto watatu: Jolanta, Kęstas na Regina.

Mama Marcelė, mchanga wa kwenu uwe mwepesi juu yako. Pumzika kwa amani.