Chipu Iliyofichwa Chini ya Kiti

Mwaka tisini na nane, pantoni ya kwenda Kigamboni ilikuwa imeshaondoka Magogoni pale Zubeda, akiwa amekaa benchi la ndani, aliposikia dereva wa lori aliyeketi kando yake akimsimulia mzee wasiyejuana.

"Nilifunga chipu ya kuongeza nguvu ya injini, bosi hajui. Siku ya sevisi nikaichomoa, nikaificha chini ya kiti. Fundi Adelard akaniuliza haya masizi kwenye ekzosi yanatokana na nini. Nikamwambia ni dizeli mbaya."

"Kisha ukairudisha," mzee alisema.

"Nikairudisha. Wiki ya pili pistoni zikaungua mlima Kitonga. Bosi akasema fundi ndiye kaharibu, akamfukuza. Mie nikanyamaza."

Zubeda akajifanya anatazama maji, ingawa hapakuwa na cha kutazama. Mzee akauliza huyo fundi yuko wapi sasa.

"Anabeba magunia sokoni Tandale. Tulikutana juzi, akanipa pole kwa kuharibikiwa na gari njiani."

Mzee akamgeukia. "Kamwambie bosi wako leo."

"Nina watoto wanne, mzee wangu."

"Na Adelard je, anao wangapi?"

Pantoni ikagusa ng'ambo, abiria wakainuka. Dereva alibaki ameketi, hata Zubeda ikambidi amwombe ampishe.