Neno Kwenye Kisu cha Somoe

Benchi la Mzee Ismaili, muuza kahawa wa Magomeni, ndilo lililojua kila kitu mwaka ule wa sabini na mbili. Siku hiyo nilifika nimenuna. Ndani ya gazeti nilikuwa nimefunga kisu cha mke wangu Somoe. Alipewa na Rashidi, yule aliyemposa kabla yangu akakataliwa, na sasa karudi kutoka Ujerumani Mashariki na ufundi wa mitambo. Kwenye bapa limegongwa neno moja: rostfrei. Mtu mwenye akili zake anampaje mke wa mtu kisu chenye maandishi?

Redio, ambaye mdomo wake haufungwi, alisema ni jina la mji watakaotorokea. Kaputi, mjukuu wa askari wa Mjerumani, akakataa. Babu yake alilitamka sana, akasema, na maana yake ni mpenzi wa mbali. Roho iliniuma.

Josephu, mpishi wa misheni, alikigeuzageuza.

— Acheni uzushi. Ni sifa ya chuma, hakishiki kutu. Misheni vijiko vyote vina neno hili, sufuria nazo.

Wenzangu wakapoa. Mimi ndio kwanza nikawaka.

— Kwa hiyo anataka akumbukwe mpaka kufa. Angempa cha kawaida kingekwisha, nami nikapumzika.

Redio akaniunga mkono, akasema kisu hicho kitaizika ndoa yangu na bado kitang'aa. Kaputi akashauri nikakitupe baharini. Josephu akamkumbusha kwamba hata maji ya chumvi hayakiwezi.

Pembeni alikuwa amekaa Alfredo, mgeni kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kikombe chake cha kwanza mkononi. Akanigeukia kwa upole.

— Samahani kaka, na kile ulichompa wewe kikoje?

Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Mzee Ismaili akainamisha birika, yakatoka machicha tu.

Nilimkuta Somoe uani anamenya mihogo kwa kisu nilichomnunulia tulipooana. Bapa limeliwa na kutu, mpini umefungwa mpira, na kidole chake gumba kina kitambaa. Nikampa kile cha kwenye gazeti. Akakipokea, akaendelea, na ganda likatoka lote kwa mara moja.

Wivu ulionipata hapo ulizidi ule wa benchini. Rashidi ndiye aliyekumbuka kwamba Somoe anamenya mihogo kila siku.