Mzee Funga na Kitanda cha Nne

Baba yetu mpendwa, ambaye kazini walimwita Mzee Funga, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alianza shule mwaka 1968. Alipenda hesabu, akazifuata hadi chuo kikuu, akahitimu mwaka 1985.

Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitalini, masjala ya mafaili. Daktari akichukua faili bila kulirudisha, baba alimfuata hadi kwenye chai yake. “Ukimaliza, rudisha. Mwenzako atatibu kwa habari za jana.” Kompyuta zilipokuja alijisomea mwenyewe, na mwaka 2009 akajenga mfumo wa kupanga vitanda. Kila ukurasa unapofunguliwa, mfumo hufungua kikao na hifadhidata, ghala la kumbukumbu zote. Ukishasoma, lazima ukifunge. Kikao kilichoachwa wazi huendelea kuonyesha kilichosomwa mwanzo, hata mambo yakibadilika. Baba aliandika mistari miwili ya kufunga kila kikao, na kwa miaka kumi na miwili vitanda vilionekana kama vilivyo.

Alimwoa mama tarehe 3 Septemba 1988. Mama alishona mashuka ya hospitali hiyo hiyo, na pindo lake la nyuzi mbili za buluu baba alilitambua tangu mlangoni. Alikuwa akimtania: “Mke wangu, wewe umelaza watu wengi kuliko madaktari wote.”

Mwaka 2021 mkuu mpya wa kitengo aliifuta ile mistari.

“Mzee, inachelewesha mfumo. Dunia inakwenda mbio.”

“Mbio na habari za jana, mwanangu?”

“Mzee, pumzika sasa.”

Baba aliandika barua tatu. Hazikujibiwa. Alistaafu Desemba mwaka huo, akaagwa kwa saa ya ukutani.

Tarehe 12 mwezi huu nimonia ilimbana. Tulimfikisha hospitalini saa tatu asubuhi, akihitaji kitanda chenye oksijeni. Mpokezi aliangalia kioo cha kompyuta.

“Poleni. Vimejaa.”

Mama alichungulia dirisha la wodi, akarudi mbio. “Binti yangu, cha nne kiko wazi. Shuka limebadilishwa, limetandikwa. Ni mshono wangu ule!”

“Mama, kompyuta inasema kuna mtu.”

“Nenda ukaone kwa macho yako, ni hatua ishirini!”

“Mama, siruhusiwi kuondoka mezani.”

Baba, kwenye benchi, alisema kwa pumzi fupi, “Usimgombeze. Kikao hakijafungwa.” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia vizuri. Saa tisa alasiri muuguzi aliyeingia zamu alikwenda kwa miguu yake, akakuta kitanda cha nne kitupu tangu saa mbili asubuhi. Baba alilazwa hapo. Alifariki saa kumi na robo, juu ya shuka la mkewe.

Wanasema ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu tunaijua, na hii haikuwa yote yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na dada yake mkubwa. Jana kaka yetu alipokwenda kuchukua cheti cha kifo, kioo cha mapokezi kilikuwa bado na jina la baba: anasubiri kitanda.

Hasubiri tena. Aliye karibu na mashine ile amfungie kikao chake, naye apumzike kwa amani.